Istikhara Ndani ya Basi la Tanga

Bi Mardhiya alipanda basi la Tanga na kapu la machungwa, mkoba wa nguo, wifi yake Mwanajuma, na swali moja lililotakiwa kupata jibu kabla ya Magharibi.

Swali lenyewe lilikuwa na jina: Mzee Shamsudin, fundi mstaafu wa mashine za boti kule Mbegani, mgane, mtu wa kanzu iliyonyooka na kikohozi cha adabu kabla ya kila neno. Alikuwa amemtuma mshenga, Bwana Husseni, kwa Kibwana, kaka mkubwa wa Mardhiya, aende akampelekee posa. Kibwana alijibu vizuri kabisa, ndivyo alivyojisifia mwenyewe barazani: "Mwenye jibu ni mwenyewe. Mwacheni kwanza aende Tanga akamwangalie mwanawe aliyejifungua. Siku atakayorudi Bagamoyo, jioni yake, mtapata neno."

Na siku ndiyo hii.

Kule Tanga Mardhiya hakukaa bure. Aliswali istikhara, rakaa mbili na dua yake, akamwomba Mola amchagulie lenye kheri, kisha akalala kusubiri ndoto. Usiku wa kwanza aliota bata. Usiku wa pili hakuota chochote. Usiku uliofuata alimwota bata yuleyule, safari hii ameketi juu ya cherehani. Alipomhadithia mwanawe, mwanawe alicheka mpaka mtoto akaamka.

Ndipo akakumbuka fali. Bibi zake walikuwa wakisema: ukishaswali na usione kitu, toka ukasikilize maneno ya watu wasiokujua, maana anayetumwa na Mungu kusema hajui kwamba ametumwa. Shehe wa mtaani kwao alikwisha kuwaonya wanawake darasani kwamba istikhara si ramli. Lakini shehe hakuwamo ndani ya basi, safari ni ndefu, na masikio hayakatiwi tiketi.

Mwanajuma aliyajua yote hayo kwa sababu aliambiwa, na asingeambiwa angeyajua vilevile. Yeye ni dada wa marehemu Yusuf, mume wa Mardhiya. Tangu Yusuf afariki wanakaa nyumba moja, yule mjane na huyu aliyeachana na mume wake Pangani ("mimi ndiye niliyemwacha, si yeye"), wanapika chungu kimoja na kugombana juu ya chumvi. Mardhiya akiolewa atahamia Mbegani, na Mwanajuma atabaki na paka. Hilo hakulisema hata siku moja. Alichokuwa akisema ni kwamba Shamsudin ana shingo ndefu.

"Nyamaza basi," Mardhiya alimwambia walipoiacha Segera. "Nasikiliza."

"Unamsikiliza nani?"

"Yeyote."

Kiti cha nyuma yao waliketi wanawake wawili ambao asubuhi hawakuwa wakijuana, na sasa, kama ilivyo ada ya safari, walikuwa wamejuana kuliko ndugu. Mmoja Evarista, anarudi kwake Makurunge. Wa pili Teddy, anakwenda Mapinga alikonunua kiwanja, na neno kiwanja halikumwisha mdomoni. Kabla ya Kabuku Mardhiya alikuwa amekwisha kuyapata majina yao, ya watoto wao, ya parokia zao, na bei ya nondo.

"Shangazi yangu," Evarista alisema, "aliolewa na mzee mmoja wa Lushoto. Mzee mtanashati, suti, kofia, viatu vinang'aa. Harusi imekwisha, wageni wametawanyika, mzee akaleta sanduku. Shangazi akajua vitenge hivyo. Kufungua, dawa! Za presha, za sukari, za miguu, na chupa ya kuchulia mgongo. Mzee akamwambia, 'Mke wangu, hizi za asubuhi, hizi za jioni.' Kumbe mwenzetu hakuwa akitafuta mke, alikuwa akitafuta nesi asiyelipwa mshahara!"

Teddy alicheka mpaka akapaliwa. Mwanajuma akampiga Mardhiya kiwiko.

"Umesikia? Fali hiyo. Tena imekuja na sanduku lake."

"Hiyo si fali."

"Kwa nini si fali?"

Mardhiya alitazama dirishani kama mtu anayesoma hukumu kwenye mashamba ya mkonge. "Hayo ni mambo ya Lushoto. Kule baridi, wazee wao lazima waumwe miguu. Istikhara ya mtu wa pwani haiwezi kujibiwa kutoka mlimani."

"Ala! Kumbe malaika nao wana mikoa?"

Mardhiya alivuta mtandio wake mbele kidogo, na sikio akaliacha nje.

Upande wa pili wa njia, karibu kabisa na Mwanajuma, alikaa bwana mmoja wa makamo aliyekula mayai ya kuchemsha tangu basi lilipoondoka. Jina lake Clever. Hakuna aliyemuuliza, mkewe alikuwa akimwita hivyo ndani ya simu kwa sauti iliyomfikia hata dereva. Clever alitakiwa aondoke Tanga kwa basi la alfajiri. Alfajiri ilimkuta amelala.

"Niko Msata, mke wangu," alisema. "Msata hapa! Karibu naingia nyumbani Bagamoyo."

Nje ya dirisha kibao kilikuwa kimeandikwa Mkata. Wauza machungwa walikuwa wakiita wateja chini yake, na basi zima liligeuka kumtazama Clever, yeye naye akatazama mayai yake.

"Haya," Mwanajuma alinong'ona, "hiyo si ya mlimani. Simu ya Bagamoyo, mume wa Bagamoyo, uongo wa Bagamoyo. Wanaume waongo. Funga kitabu, nenda kamjibu mshenga."

Mardhiya alitafakari kwa haki kabisa. "Yule ana mke wa kumdanganya," alisema. "Shamsudin, maskini, hana hata wa kumdanganya."

"Kwa hiyo wewe ndiye unayekwenda kumpunguzia upungufu huo?"

Walipoipita Mbwewe zamu ya kusema ikawa ya Teddy. "Mama yangu mimi kafunga ndoa mwaka jana," alisema. "Baada ya ujane wa miaka chungu nzima. Sisi watoto tulinuna! Tukasema mama anatuaibisha, watu watatuonaje. Sasa uende kwao leo, unawakuta wanagombania rimoti. Mama anataka tamthilia, mzee anataka taarifa ya habari. Na mama kanenepa, Evarista! Anaimba jikoni. Mimi nimezaliwa na yule mama, nimekua mkononi mwake, sijawahi kumsikia akiimba jikoni."

"Alhamdulillahi," Mardhiya alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Alhamdulillahi ya nini?" Mwanajuma aliuliza.

"Neno jema limepita."

"Mama yake mtu wa wapi huyo?"

"Sijui."

"Mimi najua, nimemsikia akisema. Wa Rombo. Rombo na Lushoto, wapi mlimani zaidi? Na ndoa kaifungisha padri."

"Kheri haina mlima, wifi."

"Loo! Presha ina mlima, kheri haina mlima. Wewe Mardhiya, kwa uamuzi huo, ungekuwa hakimu ungefungwa wewe."

Walikwenda hivyo mpaka Msata, mmoja akipindisha maneno ya watu kulia, mwingine akiyapindisha kushoto, na watu wenyewe, wenye maneno yao, hawana habari. Ndivyo Mardhiya alivyoamini. Redio ya basi ilikuwa ikiimba kwa nguvu, nayo kwa mwanamke anayenong'ona redio ni pazia zuri. Tatizo la pazia la redio ni kwamba mwenye kulivuta ni dereva.

Basi lilipokunja kona kuishika barabara ya Bagamoyo, askari wa barabarani alinyoosha mkono. Dereva akasimama, akazima redio ili asikilizane naye. Papo hapo, Mwanajuma, ambaye uvumilivu wake haukuwa mrefu hata siku njema, akasema kwa sauti ileile iliyokuwa ikishindana na muziki:

"Unamtaka! Unamtaka Shamsudin tangu siku alipokuja kututengenezea pampu ya kisima, ukamkaangia samaki wawili! Acha kumsumbua Mungu kwa jambo ulilokwisha kuliamua!"

Askari alirudisha leseni dirishani bila kuisoma. "Nendeni," alimwambia dereva. "Msimcheleweshe bibi harusi."

Laiti sakafu ya basi ingekuwa na mlango. Mardhiya aliufunika uso kwa mtandio, na ndani ya giza lile dogo akasikia kiti cha nyuma kikilia, mtu anainuka.

"Shikamoo, mama." Alikuwa Evarista.

"Marahaba."

"Samahani, mama yangu. Sisi tumekuwa tukiwafuatilia tangu Segera. Si kwa ubaya. Ila ile hadithi ya shangazi yangu sikuimaliza. Shangazi anampenda mzee wake yule pamoja na madawa yake, ukimgusa mzee, shangazi anakula nyama yako. Ungesema mapema kwamba unachukua fali, ningeimalizia."

"Tangu Segera?" Mardhiya aliuliza kutoka ndani ya mtandio.

"Mimi nilishika zamu Kabuku," alisema konda, "nikapokea kutoka hapo. Nimewekeana dau la soda na dereva. Mimi nasema mama anakubali."

Kumbe hivyo. Siku zote Mardhiya alidhani ndani ya basi kuna wenye kusema na wenye kusikiliza, na yeye Mungu amemweka upande wa pili. Alikuwa amekaa saa zote zile akifungua mapazia ya watu, na la kwake liko wazi nyuma, watu wazima wanamchungulia, tena wanawekeana soda.

Basi likawa baraza. Mmoja aliuliza Shamsudin ana watoto wangapi. Mwingine akasema watoto si hoja, hoja ni nyumba. Mzee mmoja wa mbele, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema mwanamke wa umri ule hana haja ya kuolewa, ashike tasbihi. Teddy akamjibu kwamba tasbihi haizuii mtu kuimba jikoni. Mwanajuma peke yake alikula chungwa lake kwa bidii.

Wakati huo simu ya Clever ikalia tena.

"Sasa uko wapi?" mkewe aliuliza. "Na usiniambie Msata."

"Niko Msata! Haki ya Mungu, safari hii kweli!"

"Clever."

"Unataka ushahidi? Humu ndani yumo Bi Mardhiya, wa kwetu huyu, dada yake Mzee Kibwana. Anaposwa na Mzee Shamsudin, tunajadili hapa. Ngoja, msikie mwenyewe."

Akaifungulia simu spika, akanyoosha mkono kuvuka njia, simu ikawa karibu na bega la Mwanajuma. Mardhiya hakuiona. Teddy alikuwa amemwinamia juu ya kiti akimuuliza kwa upole, "Lakini mama, tuache watu. Mtu mwenyewe, ukimtazama, yukoje?"

Mardhiya alikuwa amechoka kujificha. "Mtu mwenyewe si mbaya," alisema.

Simu ikapiga kigelegele.

Clever alikuwa amesema uongo tangu asubuhi, na hakuna aliyedhurika. Alisema kweli mara moja, na kweli hiyo ikaingia Bagamoyo kabla ya basi kufika Kiwangwa.

"Umekwisha," Mwanajuma alinong'ona, na safari hii alinong'ona kweli. "Unaujua mji wetu. Ukikubali sasa, watasema uliposwa ndani ya basi, ukaitikia kwenye simu ya mume wa mtu. Watakuimba mpaka wajukuu zako wazeeke. Kataa. Ukikataa, watasema alikuwa anatania tu, na heshima yako itabaki. Nakuambia kwa kukupenda, wifi."

Maneno hayo yalikuwa na akili ndani yake, ndiyo sababu yalimuuma. Evarista alishuka Makurunge akimwombea heri. Kutoka hapo Mardhiya hakumsikiliza mtu tena. Aliketi ameshika kapu lake, na swali lake sasa lilikuwa limezaa. La kwanza, anamtaka Shamsudin au hamtaki. La pili, akisema anamtaka, ni nani atakayekuwa amesema, yeye au basi.

Pale stendi madereva wa bajaji walimpokea kwa hongera. Mmoja aligoma kuchukua nauli. Mwanajuma alishukuru kwa niaba ya ukoo mzima, akapanda. Nyumbani mikeka ilikuwa imetandikwa. Kibwana alikaa barazani na kanzu ya Ijumaa, siku yenyewe Jumatano. Kando yake Bwana Husseni, mshenga, na mbele yao halua imekwisha kukatwa. Uani kina mama walikuwa wakiongezeka kama watu walioitwa.

"Karibu, karibu, dada yangu," Kibwana alisema. "Tumeshasikia. Alhamdulillahi. Wala hatutakusumbua, pumzika. Sisi tunapanga tarehe tu."

"Ijumaa ya mwezi huu ingefaa," alisema Husseni.

Mardhiya alitua kapu. "Mmesikia kwa nani?"

"Kwa mke wa Clever."

"Ndiye walii wangu wa kuniozesha siku hizi?"

"Hapana, dada, lakini amekusikia kwa masikio yake. Ulisema kuhusu Bwana Shamsudin kwamba..." Kibwana alimtazama Husseni.

"Kwamba si mbaya," Husseni alimalizia.

"Hata samaki wa jana si mbaya," alisema Mardhiya. "Ndiyo ndoa hiyo?"

Uani mtu alicheka, akazibwa mdomo.

"Nyinyi wawili mlisoma chuo kimoja, kwa mwalimu mmoja, kwa bakora moja. Mwanamwali akiulizwa posa akanyamaza, kunyamaza kwake ndiko kukubali. Na mjane?"

Wazee wale walitazamana kama watoto waliosahau juzuu. Husseni ndiye aliyepata pumzi. "Mjane hutamka."

"Kwa simu ya nani?"

Mardhiya aliingia ndani. Alioga, akabadili nguo, akasimama kuswali, na hakuiharakisha sijda hata moja. Huko barazani halua iliwatazama wazee, wazee wakaitazama halua, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Ingekuwa haramu au halali? Ilitegemea neno ambalo bado halijasemwa.

Alipotoa salamu alimkuta Mwanajuma amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Umewaweza," Mwanajuma alisema. "Sasa maliza. Kataa, uwakomeshe." Kisha, akichezea pindo la kanga, "Chumvi nitagombana na nani?"

Hapo ndipo Mardhiya aliposikia hadithi aliyokaa nayo kiti kimoja tangu Tanga bila kuisikia. Alimsogelea, akaketi karibu naye.

"Mbegani si Makka, wifi. Ni bajaji moja. Utakuja kugombana nami kila ukitaka, na mimi nitakuja huku kugombana nawe."

"Shingo yake lakini ni ndefu."

"Ndefu kweli. Nitafanyaje?"

Juu ya mswala hakuwa ameomba ishara tena. Aliona haya kumwomba Mola kitu alichokwisha kumpa. Alijifunika mtandio, akatoka mpaka nyuma ya pazia la mlango wa barazani, akaketi.

"Uliza," alisema.

Kibwana alijiweka sawa. "Mardhiya binti Salumu. Bwana Shamsudin ametuma posa kwako kwa mkono wa mshenga wake, Bwana Husseni. Je, umeridhia?"

Aliutengeneza mtandio wake taratibu, mpaka kofia ya Husseni ikaanza kuzunguka mikononi mwake.

"Nimeridhia," alisema, sauti yake ikafika jikoni. "Mimi Mardhiya binti Salumu, kwa ulimi wangu mwenyewe, bila ya kushurutishwa, wala kusukumwa na abiria. Na mumwambie asikohoe sana. Akiwa na neno, aseme."

Vigelegele vikapanda. Husseni alishika kipande cha halua kabla hajasema amina, na hakuna aliyemlaumu. Mardhiya alipitia mlango wa nyuma kwenda kuchukua maji.

Upande wa pili wa ua, jirani alikuwa amekwisha kuanza kusimulia. "Alilia, jamani!" alikuwa akiwahadithia waliochelewa. "Alilia kama mwanamwali, kaka yake akamshika mkono, akasema mimi sina mwingine ila Shamsudin!"

Mardhiya alifungua mdomo. Lakini Mwanajuma, ambaye ndoa hii hakuitaka, alimpita kwa kishindo, akapanda juu ya tofali, kichwa chake kikatokea juu ya ua.

"Hakulia!" alisema. "Wala hakushikwa mkono. Kama mnasimulia, simulieni na mtu aliyekuwepo. Sogeeni. Sisi tumetoka Segera, wifi yangu kajikunyata, ana woga, mimi nikamwambia, wifi, usiogope, olewa. Nyuma yetu akakaa mama mmoja, shangazi yake kaolewa Lushoto na mzee wa suti, kaletewa sanduku zima la vitenge. Mimi nikasema, hiyo fali! Yeye hakuiona. Nani aliyeiona? Mimi."

Kina mama wa upande wa pili walikuwa wamekwisha kuketi chini. Mwanajuma alikunja kanga vizuri kiunoni, akaanza upya kutoka Tanga, kwa maana kutoka Segera kulikuwa kumeacha mambo mengi. Alisimulia vizuri, lazima mtu akiri. Mardhiya aliketi kwenye kibao cha mbuzi, ndoo tupu mkononi, na hakumkatiza. Alitaka kujua itaishaje.